Skripti imenilia picha za sendoff: ndafu ipo, bibi harusi hayupo

MamaLenzi
Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Nina kistudio Kirumba, laptopu yangu inatumia mfumo wa Ubuntu. Jumamosi nilipiga sendoff Nyegezi, picha 486. Jumapili kipaimara Igombe, picha 310, kwenye kadi mpya ya kamera niliyonunua Makoroboi. Usiku nikachomeka kadi ya kwanza, skripti yangu ya kuhamisha picha ikamaliza, nikachomeka ya pili. Skripti yenyewe hii, cp ya kunakili na rm ya kufuta:

`cp /media/lenzi/*/DCIM/*/*.JPG ~/Picha/`
`rm /media/lenzi/*/DCIM/*/*.JPG`

Asubuhi nafungua folda nakuta picha 486 tu! DSC_0001 mpaka DSC_0310 ni watoto wa kipaimara. Kuanzia 0311 ndiyo sendoff. Ndafu ipo, keki ipo, mashangazi wanamwaga radhi. Bibi harusi akiingia ukumbini, hakuna. Mama yake anafuata picha Ijumaa. Nisaidieni, usingizi sina.

KijanaWaIgogo
Pole dada. Kamera imeanza kuhesabu 0001 kwenye kila kadi, majina yakagongana. cp haiulizi, inaandika juu ya faili la zamani na kunyamaza. Weka `cp -n`, haitagusa faili lililopo.

BabuTerminal
Kijana, subiri kwanza. Kwa `-n` picha 310 za kipaimara zisingenakiliwa, halafu mstari wa pili ungezifuta kwenye kadi. Sendoff ingepona, kipaimara kingezikwa. Hapo ugonjwa ni `rm`. Inafuta bila kujali cp imefanya nini, hata diski ikijaa katikati.

MamaLenzi mwanangu, ile kadi ya Jumamosi umeshaipigia kitu kingine? Kama bado, itoe na usiirudishe kwenye kamera. Kufuta huondoa jina tu, picha yenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Fanya `sudo apt install testdisk`, kisha endesha `sudo photorec`, programu ya kufufua picha zilizofutwa. Chagua kadi, chagua Free (itafute kwenye nafasi tupu tu, ndiko zilizofutwa ziliko), na matokeo uyahifadhi kwenye laptopu, kamwe si kwenye kadi hiyohiyo. Umeme wa kwetu unaujua, chaji betri kwanza.

Zitarudi bila majina yake, zitaitwa f0123456.jpg na kuendelea, ndani ya recup_dir.1, recup_dir.2. Usiogope, tarehe ya kupigwa iko ndani ya picha. Weka `libimage-exiftool-perl`, halafu zipe majina kwa tarehe hiyo:

`exiftool '-FileName<DateTimeOriginal' -d %Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e recup_dir.*`

Kile `%%-c` kinaongeza namba picha mbili zikiangukia sekunde moja. Ninyi wa harusi mnafyatua kama bunduki, utakihitaji.

MamaLenzi
Babu shikamoo sana. Kadi sijaigusa, iko kwenye pochi. Na skripti niiandikeje sasa?

BabuTerminal
Marahaba. Kila kadi ipate folda yake yenye tarehe na saa:

`L=~/Picha/$(date +%F_%H%M%S)`
`mkdir -p "$L" && cp -rp /media/lenzi/*/DCIM "$L"/`
`diff -r /media/lenzi/*/DCIM "$L"/DCIM && echo SAWA`

Kadi moja kwa wakati mmoja. Mstari wa kufuta sijakuwekea makusudi. Ukiona SAWA, yaani diff imekuta nakala inafanana na kadi, na nakala ya pili ipo kwenye diski ya nje, ndipo ufomati kadi ndani ya kamera, kwa mkono wako. Na saa ya kamera uirekebishe. Yangu ilikaa miaka ikidai ni 2012.

KijanaWaIgogo
Nimekaa chini babu 😅 yangu nayo ina rm, naenda kuitoa.

MamaLenzi
Mrejesho. Photorec imetoa picha 502, hata mahafali ya Novemba yamefufuka. Kati ya zile 310 za sendoff zilizopotea nimepata 307 safi. Tatu zimeharibika, na moja ndiyo ya mlangoni: juu ana kilemba na tabasamu, kuanzia kiunoni ni kijivu kitupu. Nimeikata hapo kiunoni, inaonekana kama nilipanga. Mama mtu kaichagua hiyohiyo kwa fremu ya sebuleni.