Swift Sport ZC33S: niguse kontrol boksi au niiache ilivyo?

Gia_ya_Sita:
Wakuu habari za leo. Nimevuta Swift Sport ZC33S ya 2018 kutoka Japan, gia za mkono sita, ile ya 1.4 turbo, na niko nayo hapa Dar miezi kadhaa sasa. Aisee gari tamu, kilo 970 tu halafu farasi 140, ukikanyaga gia ya pili unajikuta unacheka peke yako ndani. Sasa kijiwe kizima wananiambia ni dhambi kuiacha hivyo, nifanye rimapu, yaani kontrol boksi ya injini iandikwe upya programu, ifike farasi 170 na ushee, nibadilishe ekzosi, niishushe kidogo ikae chini. Kuna jamaa anakuja na laptop yake, saa moja kamaliza, na bei yake ni rahisi mpaka naogopa. Gari naendea kazini na mara moja moja nyumbani Moshi. Nianze na kipi? Na msinitajie Crown tafadhali.

Spana_14:
Hongera mkuu. Swali la kwanza, unaweka wese gani? Maana hiyo gari kwa Japan inatakiwa inywe hai-oku, yaani petroli ya oktani ya juu isiyogongesha injini upesi, na hai-oku ya kule inauzwa ikiwa oktani kama 100, ya kawaida yao ndo iko 90 hivi. Huku ukiweka petroli ya sheli yoyote gari inatembea vizuri tu kwa sababu ina sensa inayosikia injini ikianza kugonga, inarudisha moto nyuma, yaani cheche ya plagi inachelewa kidogo, unapoteza nguvu kidogo na pistoni zinabaki salama. Sasa huyo jamaa wa laptop faili lake limeandikwa kwa mafuta ya wapi? Kama ni la Japan limeshaongeza presha ya turbo na kusogeza moto mbele kwa kutegemea oktani 100, wewe unalilisha petroli ya Mbezi halafu unapandisha Same jua la saa saba, hapo sensa inahangaika mpaka inachoka. Rimapu siyo mbaya, hiyo K14C yako ni injini ngumu, ila muulize kama anarekodi data gari ikiwa barabarani akasahihisha kwa mafuta unayotumia wewe. Akikuambia "haina haja" mpe soda aende zake.

Mzee_wa_TSI:
Ungechukua Golf GTI Mk7 tu ungekuwa umemaliza, farasi 220 bila kuhangaika na mtu wa laptop.

Spana_14:
@Mzee_wa_TSI 220 ni kweli, na uzito je? Inakaribia kilo 1,400, na zile DSG za gia 6, gia boksi zao za otomatiki, zinataka oili ya gia boksi kila kilomita 60,000. Wangapi mjini hapa wanabadilisha? Wananunua gari ikiwa na 90,000, wanaambiwa "oili ya maisha", baada ya hapo tunaonana gereji.

Mzee_wa_TSI:
Ya kwangu nabadilisha, usiniingize humo 😂

NaiHatch:
Habari za huko, mimi niko Nairobi na nina ile ya zamani ZC31S, 1.6 isiyo na turbo, farasi 125 kwenye karatasi. Huku tuko juu zaidi ya mita 1,600 kwa hiyo hizo 125 zote sijawahi kuziona, hewa nyepesi. Ya kwako ina turbo hiyo shida hauisikii sana. Nikuambie tu kitu kimoja, gari ndogo hivi pesa inaenda kwa tairi kwanza. 195/45R17 nzuri za jina la kueleweka, kisha pedi za breki na mafuta ya breki mapya ya DOT 4, maana hujui ile iliyokuja nayo iliwekwa lini. Nilifanya hivyo kabla ya kugusa injini na gari ikawa nyingine kabisa kwenye kona. Na uangalie ile karatasi ya mnada, kama ina R au RA jua ilishapigwa ikatengenezwa, hizi Swift Sport wenyewe kule wanapeleka saketi wikendi.

Dada_Manyuo:
Kuishusha kaka yangu acha. Iko sentimita 12 tu kutoka chini ikiwa haijaguswa, na matuta ya mitaani kwetu yamejengwa na watu wenye hasira. Yangu haijashushwa na bado nalipanda tuta kwa ubavu kama kaa. Kingine ambacho hakuna aliyekutajia, usikanyage mafuta mpaka mwisho ukiwa gia ya sita na mizunguko iko 1,500. Hizi turbo ndogo za kudunga petroli moja kwa moja zikifanyiwa hivyo mchanganyiko unaweza kujiwasha kabla plagi haijatoa cheche, pistoni bado inapanda inapigwa juu. Shusha gia, ndo raha ya manyuo hiyo. Na oili nunua iliyoandikwa API SP au SN Plus, imepimwa kwa tatizo hilo hilo.

Gia_ya_Sita:
Dah asanteni. Karatasi nimeitoa, gredi ni 4, haina R. Tairi ni zile zilizokuja nayo, nimeangalia leo mwaka wake mpaka nimeona aibu. Jamaa wa laptop nimemuuliza habari ya kurekodi akaniambia "bro faili ni la Ujerumani, halina shida". Kwa hiyo tairi, breki, oili, plagi. Intakula kubwa je, ile ya kupoza hewa ya turbo, ina maana yoyote bila rimapu?

Spana_14:
Kidogo, kwenye foleni ya joto inasaidia hewa isichemke, ila siyo ya mwezi huu. Plagi weka za kiwango cha joto cha kiwandani kwanza, zile za baridi zaidi utaweka ukiongeza presha. Ekzosi badilisha kama unataka sauti, farasi usitegemee. Halafu njia ya Moshi ina vibao vya 50 toka Chalinze mpaka Same na tochi hazilali, hizo farasi 170 ungezitumia wapi?

Gia_ya_Sita:
Usiku mkuu 😅

Dada_Manyuo:
Usiku kuna ng'ombe. Nunua tairi.