Lenzi za zamani kwenye kamera ya kisasa: Helios, Takumar au Canon FD?

Mpiga Picha wa Mlandege

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninatumia Sony a6000 pamoja na lenzi iliyokuja nayo, na ninahitaji lenzi yenye tundu kubwa zaidi la kupitishia nuru kwa ajili ya kupiga sura za watu katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako hata mchana kweupe nuru hupenya kidogo tu baina ya kuta. Lenzi mpya ya aina hiyo, inayojilenga yenyewe, kwa sasa imepita uwezo wangu. Nimepata tatu za zamani ambazo bei zake zinakaribiana: Helios 44-2 ya milimita 58 yenye f/2 (kipimo cha tundu), Super-Takumar ya milimita 55 yenye f/1.8, na Canon FD ya milimita 50 yenye f/1.8. Naomba ushauri wa aliyezitumia, na pia nijue kama adapta ya bei rahisi, yaani kiungo cha kuifunga lenzi ya zamani kwenye kamera, inaharibu picha.

Fundi wa Darajani

Waalaykum salaam. Adapta isikutie hofu, kwa sababu ndani yake hamna kioo chochote. Kamera yako ina milimita 18 tu kutoka mdomoni, pale lenzi inapofungwa, hadi kwenye sensa inayopokea picha, ilhali lenzi za skrubu ya M42, yaani Helios na Takumar, zilitengenezwa kwa kamera zenye umbali wa milimita 45.46, na Canon FD kwa umbali wa milimita 42. Kazi ya adapta ni kuujaza upungufu huo kwa bomba tupu la chuma. Angalia tu kwamba inakaza vizuri bila kucheza, na kwamba lenzi inafika hadi kwenye alama ya mbali kabisa na vitu vya mbali vinaonekana vikali.

Kabla ya yote, ingia kwenye menyu uiruhusu kamera ipige bila ya lenzi, kwani lenzi hizi hazina umeme na kamera itadhani mdomo wake uko wazi. Kisha, kwa kuwa utalenga kwa mkono, washa ile alama ya rangi inayoonyesha kingo zilizolengwa sawasawa. Kwa mtu aliyekaa barazani utaizoea haraka. Kwa bibi harusi anayeingia ukumbini huku wageni wakimzunguka, endelea na lenzi yako ya sasa.

Upande wangu ningechukua Takumar. Pete yake ya kulengea huzunguka laini kuliko lenzi nyingi mpya nilizowahi kushika, na nafasi ya milimita chache ndiyo inayoamua kama jicho litakuwa kali au sikio.

Shabiki wa Helios

Kwa heshima zote, fundi, mimi natofautiana nawe. Helios 44-2 ilirithi muundo wa Biotar ya Carl Zeiss Jena, na namna inavyoizungusha mandhari ya nyuma ni sifa ambayo Takumar haina. Mtu akiwa mbele ya majani ya mwembe, majani hayo huonekana kama yanamzunguka. Kwa sura za watu sioni ya kuishinda kwa bei hiyo.

Binti Wete

Kaka, hayo ni kweli kwa kamera yenye sensa kubwa. Mzunguko unaousifu unatokea pembezoni mwa picha, na sensa ya a6000 ni ndogo, kwa hiyo pembe hizo hukatwa na hubaki sehemu ya katikati ambayo imetulia. Anayeinunua Helios kwa ajili ya mzunguko peke yake atapata sehemu ndogo tu ya alichokitarajia. Kwenye sensa hiyo pia milimita 58 zinaonekana kama 87, na katika kichochoro chembamba utajikuta mgongo umegusa ukuta.

Mimi nina Helios na Takumar zote mbili, na wakati wa mavuno hupiga watu wakichambua karafuu na makonyo, kisha karafuu zenyewe zikiwa zimeanikwa juu ya majamvi. Jua likiwa mbele yangu, Helios hufifisha weusi wote na picha nzima hupauka. Takumar nayo hupauka, lakini rangi ya kahawia ya karafuu hubaki. Kwa nuru kali ya kwetu, tofauti hiyo naithamini kuliko mzunguko.

Lakini jambo linalopaswa kuamua ni hali ya lenzi yenyewe. Visiwa vyetu vina unyevu mwingi na kuvu hupenda vioo. Fungua tundu lote, mulika tochi kutokea nyuma, na utazame kwa pembeni: ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, iache hata ukipunguziwa bei. Tazama pia kama vipande vinavyofunga tundu vina mafuta. Ukishainunua, ihifadhi ndani ya kopo lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, hasa wakati wa masika.

Mpiga Picha wa Mlandege

Ahsanteni sana. Nimezimulika zote. Helios ina nyuzi hizo kwenye kioo cha nyuma, na pete ya Canon imekaza mno. Takumar ni safi, ila vioo vyake vina umanjano.

Fundi wa Darajani

Ichukue. Baadhi ya Takumar zilitiwa thoriamu, madini yenye mionzi, kwenye kioo, na ndiyo inayoleta umanjano baada ya miaka mingi. Mionzi yake ni midogo na haina hatari kwa matumizi ya kawaida. Iweke dirishani kwenye jua kwa wiki kadhaa na umanjano utapungua, lakini usiiache juu ya kitambaa au karatasi, kwa sababu lenzi hukusanya jua na inaweza kuwasha moto. Wakati huo huo unaweza kuitumia: piga karatasi nyeupe, uiambie kamera kwamba huo ndio weupe, na rangi za ngozi zitakaa sawa. Usisahau kukiweka kiswichi cha pembeni kwenye M, yaani kwa mkono, la sivyo tundu halitafuata pete yake.