Naomba ushauri: kijana wangu ajaribu daraja la juu la "drum corps" moja kwa moja?

Wanajamvi, wakubwa shikamooni. Tunaishi Ohio, Marekani. Kijana wangu ana miaka 17, anapiga tarumbeta kwenye bendi ya shule, huu mwaka wa tatu. Sasa kaja na habari ya "drum corps", yale makundi yanayopiga huku yakikatiza uwanja mbio mbio kiangazi kizima, fainali Indianapolis mwezi Agosti. Ni vyombo vya shaba na ngoma; saksafoni nilizozoea kanisani sizioni.

Kuna madaraja mawili: World Class, ndilo la juu, na Open Class, la chini yake. Yeye anang'ang'ania la juu, tena kundi la Blue Devils, mojawapo ya yale yanayotamba! Nasikia wengi huko ni wanafunzi wa muziki wa vyuo vikuu. Nota anasoma vizuri, ila akianza kupiga huku anatembea kinyumenyume, kama wanavyofanya uwanjani, pumzi inakata, sauti inayumba. Nimemshuhudia uani, jirani akichungulia.

Umri wa mwisho ni kwenye miaka 21 hivi, kwa hiyo muda anao. Je, aanzie Open Class, au aende tu usaili wa juu hata akikataliwa? Na kwa waliopitia, wanaangalia zaidi upigaji au mwendo? Ada ni maelfu ya dola, siwezi kubahatisha.