Adabu za mgeni katika vijiji vya wafumaji wa Sumba

Nyota ya Kusi: Salamu kwenu nyote. Ninakusudia kwenda Sumba Mashariki, nchini Indonesia, hasa kijiji cha Rende, ili nione jinsi nguo za wanaume ziitwazo hinggi zinavyofumwa. Nimesoma mengi kuhusu nguo zenyewe, lakini machache sana kuhusu namna mgeni anavyopaswa kuingia katika makazi ya watu. Je, nibebe zawadi gani? Inafaa kuomba kupunguziwa bei? Na picha je? Sipendi kuwageuza wenyeji kuwa maonyesho.

Mzee wa Bandari: Binti yangu, anza na tambuu. Huko Sumba mgeni hukaribishwa kwa tambuu, popoo na chokaa, na anayefika na vitu hivyo mkononi huonyesha tangu mlangoni kwamba anaijua heshima ya nyumba. Utavipata sokoni katika mji wa Waingapu. Ukipewa nawe, pokea kwa mkono wa kulia hata kama hutatafuna. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Pale Rende makaburi makubwa ya mawe yamo katikati ya kijiji, mbele ya nyumba, na kwa wafuasi wa Marapu, dini ya asili ya Sumba, wazee waliotangulia bado ni sehemu ya ukoo. Kwa hiyo usiyakalie wala kuyapanda ili upate picha nzuri. Picha za watu ziombe baada ya mazungumzo, si kabla.

Binti Mfumi: Shikamoo Mzee. Ninaomba kuongeza kuhusu bei, kwa kuwa hapo ndipo wageni wengi huwaumiza wenyeji bila kukusudia. Hinggi haianzii kwenye kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia. Kwanza nyuzi za mtande, yaani zile za urefu wa nguo, hufungwa fungu kwa fungu kufuata mchoro wa farasi, jogoo au mamba, ndipo zitiwe nili. Kisha hufunguliwa na kufungwa upya kwa ajili ya rangi nyekundu inayotokana na mizizi ya mti uitwao mengkudu, na kila rangi huhitaji kuchovywa na kukaushwa mara nyingi. Nguo nzuri huchukua miezi. Kupatana kidogo kwa upole si kosa, lakini kutaja nusu ya bei mbele ya mama aliyeifanya kazi hiyo ni kumvunjia heshima. Muulize kama rangi ni za mimea au za dukani, kwa sababu bei hutofautiana sana kwa haki, na umlipe yeye mwenyewe kwa rupia taslimu.

Jambo la pili, Dada Nyota, ni kwamba si kila nguo utakayoonyeshwa inauzwa. Katika ndoa za Sumba upande wa mwanamke hutoa nguo, na upande wa mwanamume hutoa farasi, nyati na mapambo ya madini yaitwayo mamuli. Wafu nao huzikwa wakiwa wamefunikwa nguo hizo hizo. Mwenyeji akisema nguo fulani ni ya ukoo, usirudi na bei kubwa zaidi. Vivyo hivyo, huko Kodi, magharibi mwa kisiwa, utiaji wa nili kwa desturi ni kazi ya siri ya wanawake, na wanaume hawakaribii. Mwenzako wa kiume akiambiwa abaki nje, asibishane.

Nyota ya Kusi: Ahsanteni sana. Iwapo safari ya Sumba itashindikana nikabaki kisiwani Bali, je, kijiji cha Tenganan kinafaa?

Mzee wa Bandari: Kinafaa, tena sana. Tenganan Pegringsingan, katika wilaya ya Karangasem, hufumwa nguo iitwayo geringsing, ambayo mtande na mshindio wake (nyuzi za upana) vyote hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, ufundi ambao nje ya Indonesia unajulikana hasa India na Japani. Huko watalii ni wengi kuliko Rende, nawe utakuta pia nguo za kutoka kwingine zikiuzwa. Kwa hiyo uliza waziwazi nguo imefumwa wapi, na umtafute mfumaji aliye kazini, uketi naye kabla ya kutaja habari za kununua.