Tupeane uzoefu: baraza la mbao uani hapa Dodoma, fundi ulimpataje na mlikubalianaje?

Mwanzisha uzi (Iyumbu)

Wakuu habari za jioni. Huu uzi ni wa waliojenga au wanaotaka kujenga baraza la mbao nyuma ya nyumba, na naomba tubaki Dodoma na kanda ya kati, mana mambo ya Dar na Arusha tunayaona mitandaoni kila siku ila jua letu, upepo wetu na mchwa wetu ni habari nyingine. Toka serikali ihamie huku watu tumejenga sana Iyumbu, Nzuguni, Ilazo, Mkonze, viwanja vina nafasi nyuma lakini saa nane mchana ndani hapakaliki, jioni kaupepo kanaanza na kila mtu anatamani sehemu ya kukaa nje isiyo na vumbi.

Naanza na langu. Nilitaka baraza lililoinuka kama futi moja na nusu, linaloanzia mlango wa jikoni, futi 12 kwa 16. Hiyo 12 sio ya kubahatisha, mbao nyingi za yadi zinakuja futi 12 kwa hiyo ubao wa juu unalala mzima bila kiungo na hubaki na vipande vya kutupa. Nikachora mwenyewe kwenye daftari, meza itakaa wapi, ngazi zishukie wapi, jiko la kuchomea nyama liwe pembeni chini na sio juu ya mbao, ndo nikaanza kuita mafundi waje kuona.

Hapa ndo nataka msome vizuri. Karibu wote walifika, wakapima kwa hatua, wakataja bei. Niliyempa kazi hakutaja bei siku ile. Aliomba jembe akachimba shimo mpaka magotini, akafikicha udongo mkononi, akauliza chemba ya choo iko wapi, bomba la maji limepita wapi, mvua ikinyesha maji ya bati yanaelekea wapi. Alaf akaenda kwenye fensi akabandua ule udongo mwembamba uliopanda kwenye nguzo, akachomeka bisibisi ikazama mpaka mpini. Kwa nje nguzo nzima kabisa, ndani mchwa wamebakisha ganda. Akaniambia mama, hawa wapo hapa kabla yangu, tuzungumze kwanza habari zao ndo tuje kwenye bei.

Ndo mana kwenye baraza langu hakuna mti hata mmoja unaogusa udongo. Kila nguzo imekaa juu ya kitako cha zege kilichotokeza juu ya ardhi, katikati kuna chuma kilichozamishwa kwenye zege likiwa bichi, nguzo imefungwa hapo kwa bolti. Mchwa akitaka kupanda lazima ajenge kanjia kake juu ya zege, na ukiinama na ufagio unakaona unakafuta. Chini kote kumepigwa dawa ya mchwa, ikatandikwa nailoni, ikamwagwa kokoto, na ardhi imelazwa kidogo kuelekea nje ili maji yasituame. Kwa maoni yangu fundi asiyekuuliza kuhusu mchwa na maji hapa Dodoma hata awe na bei nzuri vipi muache aende zake.

Karibuni, tuelezane.

Mama wa Nzuguni

Asante sana dada kwa uzi, umenigusa. Mimi fundi alinichukulia hela ya mbao za dawa, zile za kijani, na mbao zikaja za kijani kweli. Masika ya pili ubao mmoja ukazama mguu wa mgeni, kufunua chini ni mchwa mtupu. Fundi mwingine aliyekuja kurekebisha ndo alinionyesha, alichukua msumeno akakata kipande katikati, ndani mti mweupe pee, kijani kiko juu juu tu kama ganda la ndizi. Wamepaka rangi jamani. Mbao ya paini iliyotiwa dawa kiwandani kwa presha ukiikata katikati unaona dawa imeingia ndani, haiishii kwenye ngozi. Sasa hivi nikienda yadi naomba wanikatie moja mbele yangu na nailipia hicho kipande, wakikataa natoka.

Yule wa kwanza simu yake haipatikani mpaka leo. Inauma mana hela ya kikoba ile.

Fundi seremala, Chang'ombe

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi ni fundi, naomba niongee kwa upande wetu na ninachosema nakisema kwa nia njema.

Kwanza mama wa Nzuguni pole sana, watu wa namna hiyo wanatuharibia wote. Na niongeze hapo kwenye kukata, hata ubao wa dawa ya kweli ukiukata, pale ulipokatwa katikati kabisa dawa inaweza isiwe imefika vizuri, kwa hiyo fundi anatakiwa apake dawa ya mbao kwenye kila ncha aliyokata na kila tundu alilotoboa la bolti. Ukiona fundi anakata na kupigilia tu, muulize.

Pili hizi mbao zetu za paini nyingi zinatoka huko Mafinga, Sao Hill, kuna baridi na unyevu, zinashushwa Dodoma bado mbichi. Jua la hapa la mwezi wa tisa likizipiga zinajikunja na kupasuka. Mteja ananunua leo anataka kesho nianze. Naombeni tupange kwanza mbao kivulini, katikati ya kila safu tuweke vipande vya kuzitenganisha hewa ipite, zikae wiki kadhaa. Nikipigilia ubao mkavu naacha nafasi ya unene wa msumari kati ya ubao na ubao maji yapenye na vumbi lidondoke, ubao mbichi nabana kabisa mana ukikauka utaachia nafasi wenyewe. Fundi asiyejua tofauti hiyo atakuachia baraza ambalo kisigino cha kiatu kinazama.

Tatu msumari. Msumari laini kwenye jua hili unatoka wenyewe, ubao unavuta unaachia, unavuta unaachia, baada ya muda kichwa kiko juu kinachana nguo na miguu ya watoto. Tumieni skrubu zilizopakwa zinki, ni ghali na zinachosha mkono ila ndo kazi. Na zile mbao za chini zinazobeba zisiachane zaidi ya inchi 16, mafundi wengi wanaweka futi mbili ili kubana matumizi, ubao wa inchi moja hapo unacheza ukipita mtu mzito.

La mwisho, na hili naomba sana sana kina mama na kina dada wa jikoni. Vipande vya mbao za kijani vinavyobaki MSIPIKIE, msichomee nyama, hata maji ya kuoga msichemshie. Dawa nyingi za kijani hizo zina shaba, kromu na aseniki, na aseniki ni sumu, ukichoma inatoka kwenye moshi na inabaki kwenye majivu. Nimeona saidia fundi anakusanya vipande kwenye kiroba apeleke nyumbani, nikamnyang'anya nikamnunulia mkaa. Na maranda yake msitandike kwenye banda la kuku.

Ilazo mpya

Swali wakuu, kibali kinahitajika kwa kitu kidogo hivi au nijenge tu?

Mwanzisha uzi (Iyumbu)

Ilazo mpya, mimi nilienda kwanza ofisi za jiji na mchoro wangu na ramani ya nyumba yenye kibali, nikaonyesha baraza litakaa wapi na liko umbali gani kutoka mpaka wa jirani. Usianze na maneno ya fundi kwamba hiki kidogo hawasumbui. Ukisimamishwa katikati mbao zimeshakatwa hasara ni yako, yeye ameshakula hela ya ufundi. Na jirani mwambie mapema, mpitie tu jioni umweleze.

Mdau wa Bahi

Huku kwetu udongo ni ule mweusi wa mbuga, wa mashamba ya mpunga. Kiangazi unapasuka mpaka unaingiza mkono, masika unavimba. Fundi wangu alitoka mjini, amezoea ule mwekundu wa kichanga, akachimba vitako vifupi akamwaga zege akaondoka. Mvua zilivyokuja upande mmoja ukainuka upande mwingine ukabaki, ngazi zikaachana na ukuta. Tulifumua tukachimba chini zaidi mpaka kwenye udongo mgumu usiocheza, na baraza tukaliachanisha na ukuta wa nyumba, likasimama lenyewe na nafasi kidogo katikati. Sasa limetulia. Kwa hiyo dada pale uliposema fundi alichimba shimo kwanza, huyo ni fundi kweli.

Mnyaturu wa Singida mjini

Mimi sikuweka mbao kabisa, mawe tunayo ya kumwaga. Nilitandika mawe, juu nikasimamisha bomba za chuma na kichanja cha waya, nikapandisha mzabibu niliochukua miche Dodoma. Kivuli chake hakina joto la bati na zabibu tunakula. Ila upepo wa mwezi wa saba mpaka wa tisa sio mchezo, bomba zizamishwe kwenye zege la maana na zifungwe kona kwa kona.

Kisasa mstaafu

Vijana hongereni. Nimesimamia kazi nyingi za ujenzi kwenye utumishi wangu, niseme la fedha mana ndipo watu wanapogombana.

Usimpe fundi hela ya vifaa, nendeni naye yadi, yeye achague ubao kwa ubao, wewe ulipe na risiti ibaki kwako. Mkichagua mninga, ambao mchwa hawaupendi na ndo maana bei iko juu, muuzaji awe na risiti na kibali cha kusafirishia cha TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, usinunue mninga wa usiku. Hela ya ufundi igaweni kwa hatua za kazi na sio kwa siku: vitako vikikauka alipwe, fremu ikisimama na mkaipima na pima maji alipwe, mbao za juu zikiisha alipwe, na sehemu ya mwisho ibaki mpaka umwage ndoo kadhaa za maji juu uone zinaenda wapi. Andikeni karatasi, vipimo, aina ya mbao, aina ya skrubu, nani analeta chakula cha mafundi, mkibadili mchoro katikati nani anabeba gharama. Sahihi zenu na shahidi mmoja kila upande. Na fundi akimaliza hatua mlipe siku hiyo hiyo. Nimeona mafundi wazuri wakilipua kazi kwa sababu tajiri anawazungusha wiki nzima na watoto wao hawajala.

Fundi seremala, Chang'ombe

Mzee wangu hapo umetuheshimisha, shikamoo tena.

Mama wa Nzuguni

Fundi nikuulize na wewe, juu tupake nini? Nilipaka vanishi ikabanduka yote, na jirani ananiambia oili chafu.

Fundi seremala, Chang'ombe

Mama vanishi ya ndani hailiwezi jua la nje, inakakamaa inapasuka maji yanaingia chini yake. Paka mafuta ya mbao yanayonyweka, kitambaa na brashi, kila mwaka kiangazi, kabla hujapaka fagia na upige msasa kidogo. Oili chafu inachafua nguo, watoto wanakaa pale, wanakula pale, na inazuia mchwa kwa muda tu. Achana nayo.

Ilazo mpya

Nimewaelewa sana. Sasa nianze lini, mana nina hela kidogo saa hizi na naona mvua zinakaribia.

Fundi seremala, Chang'ombe

Mvua zetu zinaanza Desemba zinaisha Aprili. Hiyo hela kidogo nunua mbao sasa, uzipange stoo au chini ya bati zikauke, na mvua zikinyesha toka nje uangalie uani kwako maji yanapita wapi, weka vijiti pale yanapotuama. Mwezi wa tano ita fundi umuonyeshe hivyo vijiti, na kabla hujampa kazi akupeleke ukaone baraza alilojenga ambalo limeshapigwa na masika mawili, uingie na tochi uchungulie chini yake.