Nani aliwaambia ma-DJ na watangazaji kwamba "Fast Car" ni wimbo wa harusi?

Wakuu salaam. Leo nimechefukwa, mtanisamehe kama nitapitiliza.

Hivi huu wimbo wa Tracy Chapman, mwimbaji wa Kimarekani, mnausikiliza kwa masikio au kwa magoti? Jumamosi nilikuwa ukumbini, ndugu yetu anaolewa. Wakati wa maharusi kuingia DJ akatupia "Fast Car", tena lile toleo la kurukaruka, na MC juu yake: "Gari hilooo, linawapeleka kwenye maisha mapya!" Vigelegele, wapambe wanakata viuno, mashangazi wanapepea vitenge. Niliangalia meza ya ma-DJ nikidhani kuna atakayeshtuka. Wapi! Jamaa ananyonya soda yake na kutikisa kichwa.

Kwa faida ya MC yule, ambaye najua humu jukwaani yumo, ngoja nimsimulie alichokuwa anakishangilia. Ni binti. Baba yake mlevi, mwili umeshachoka hauwezi kazi, mama kashindwa maisha hayo kaondoka. Binti anaacha shule ili amtunze mzee. Anampata kijana mwenye gari la mbio, wanakubaliana wahamie mjini. Wanafikia kwenye makazi ya wasio na pa kulala. Yeye anapata kazi ya kukaa kaunta ya duka, mwanamume hana kazi, ila kuna matumaini: mwanamume atapata kazi, binti atapandishwa cheo, watanunua nyumba, watahamia mitaa ya watu wenye nafasi. Sasa sikiliza ubeti wa mwisho, ule ambao hamfiki. Binti ndiye analipa kila kitu ndani. Mwanamume yuko baa mpaka usiku wa manane, marafiki zake anawaona kuliko anavyowaona watoto wake. Yaani kamkimbia baba mlevi, kaolewa na baba yake! Mwanzoni aliomba waondoke wawili. Mwishoni anamwambia mwenzake achukue gari lake aende zake.

Hilo ndilo mnalomwingizia bibi harusi ukumbini.

Na watangazaji wa redio msicheke, nyie ndio wabaya zaidi. Jumapili asubuhi mnajifanya kipindi cha nyimbo laini, mnaupiga, kiitikio cha pili kikiisha tu mnapandisha jingo, mnasoma salamu za wasikilizaji, mara tangazo la magodoro. Wimbo wenyewe haufiki dakika 5. Dakika 5! Mechi ya juzi mmeichambua masaa mangapi? Huu umejengwa uumize mwishoni. Gita kwenye beti ni kile kipande kimoja tu kinachozunguka toka mwanzo, hakibadiliki, kama maisha yake huyo dada yasivyobadilika. Ngoma zinapanda kwa nguvu kwenye kiitikio, na kiitikio ni kumbukumbu: usiku ule wako garini, taa za mji mbele yao, mkono wa mpenzi begani. Mara ya kwanza unaona raha. Ukirudi mara ya tatu, maneno ni yale yale lakini wewe unajua yaliyofuata, na hapo ndipo mtu mzima anageukia dirishani kwenye daladala asionekane anafuta macho. Mkikata kabla ya hapo mmetuachia stori ya vijana wanakwenda matembezi.

Halafu Tracy mwenyewe hajawahi kuhitaji makelele yenu. Tarehe 11 Juni 1988, Wembley, London, tamasha la miaka 70 ya Mzee Mandela ambaye bado alikuwa kifungoni. Tracy alishaimba mchana, kazi yake imekwisha. Nguli wa Marekani, Stevie Wonder, anataka kupanda, vifaa vya kinanda chake havijakamilika, akaondoka. Nani azibe pengo? Wakamrudisha dada wa miaka 24, albamu yake ya kwanza imetoka Aprili mwaka ule ule, yeye na gita lake basi. Uwanja mzima ukanyamaza. Dunia ikamjua siku ile, na mwaka uliofuata akabeba Grammy tatu, zile tuzo kubwa za muziki za Marekani.

Mtu anisikilize vizuri: sisemi wimbo usiguswe. Luke Combs, mwimbaji mzungu wa kantri, ule muziki wa mashambani wa Marekani, aliuimba upya 2023 na mimi sina tatizo naye kabisa. Jamaa ana ndevu zake, mwili wake, na bado akabaki kuimba kwamba yeye ni binti wa kaunta. Hakuibadilisha hadithi impendeze yeye. Na hakuficha ni wa nani: mwaka ule ule ukachukua tuzo ya wimbo bora ya chama cha muziki wa kantri cha Marekani, tuzo ya mtunzi, yaani Tracy, miaka 35 baada ya wimbo kutoka. Februari 2024 wakasimama wote wawili kwenye Grammy, mama anapiga lile gita huku anatabasamu, mvi kichwani. Kama hukulia pale, wasiliana na daktari.

Tatizo langu ni lile toleo la dansi la 2015 la Jonas Blue, prodyuza wa Uingereza, na mashabiki wake. Umechukua maisha ya mtu aliyekwama ukayawekea mdundo wa ufukweni, watu washike glasi waruke. Msinijibu eti "mkuu, hatusikii Kiingereza, tunasikia biti". Mbona "Kifo" ya Remmy Ongala inachezeka vizuri sana na hakuna MC aliyewahi kuiweka keki ikikatwa? Kumbe mkitaka kuchuja mnaweza!

Sasa nataka majibu, na ma-DJ muanze. Nani anawapangia hizo listi za harusi? Na huyu wa kipindi cha Jumapili, sikutaji, unajijua: Jumapili ijayo piga wimbo wote, funga mdomo, tangazo la godoro lingojee. Usipofanya hivyo narudi na uzi wa pili, na nina ujumbe wa sauti wa mhariri wako akikiri kwamba ubeti wa mwisho hajawahi kuusikia.