Laptopu inazimika yenyewe nikichapa mitihani, nibadilishe feni?

Mama Mitihani, Tanga
Wakuu, habari za jioni. Nachapa mitihani ya shule tatu, na wiki hii laptopu imenizimikia mara nne katikati ya kazi. Si umeme, betri ilikuwa na 60%. Feni huanza kuvuma kama pikipiki inayopanda mlima, pale juu ya herufi hapashikiki, halafu kioo cheusi. Chumba changu ni bati tupu bila dari, na joto la Februari mnalijua. Kazi nafanyia kitandani, meza wanasomea watoto. Fundi mmoja kasema feni imekufa, niandae 60,000. Sitaki kutoa hela ya shule kwa kubahatisha.

Kijana wa Makorora
Dada, mimi huweka chini yake barafu kwenye mfuko, inatulia.

Fundi wa Kirumba, Mwanza
Barafu hapana, tafadhali. Hewa ya Tanga ina unyevu, na chuma kikipoa ghafla hutoa matone hadi kwenye bodi. Nimepokea mashine za hivyo, bodi imeota kutu ya kijani.

Dada, feni inayovuma haijafa. Iliyokufa huwa kimya. Ikivuma, weka kiganja pale pembeni inapotolea hewa. Ukisikia pumzi hafifu, njia imeziba. Ndani kuna bomba la shaba linalobeba joto kutoka kwenye prosesa, ubongo wa kompyuta, hadi kwenye vibati vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, na feni hupuliza katikati yake. Vumbi na vijinyuzi vya shuka hunasa hapo, vikashikana kama kipande cha blanketi. Godoro nalo linaziba matundu ya chini inakovutia hewa. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguza kasi, na joto likizidi kupanda mashine inajizima isiungue.

Ifunguliwe, blanketi hilo litolewe kwa brashi, pesti ya prosesa, ile dawa inayopitisha joto kati yake na shaba, ibadilishwe, maana ikizeeka hukauka kama chokaa. Fundi akitumia bloa, mashine ya kupuliza vumbi, aizuie feni kwa kidole, isizungushwe na upepo ikaharibika. Na kazi ifanyike mbele ya macho yako.

Mwalimu, Morogoro
Nyongeza: kama ni Windows, kwenye mipangilio ya umeme shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka 100% hadi 99%. Kwa prosesa nyingi za Intel, ile kasi ya ziada inayojiongeza yenyewe inazimwa na joto linapungua. Kwa kazi ya kuchapa hutaona tofauti.

Mama Mitihani, Tanga
Nimerudi. Pumzi ilikuwa kama ya mtoto aliyelala! Nimeenda kwa fundi mwingine, nikakaa pembeni yake. Limetoka donge la bluu, rangi ya shuka langu kabisa. Feni ni ile ile, nimelipa 15,000. Usiku huo huo nimechapa kurasa 14 za Sayansi bila kuzimika, laptopu juu ya sinia lililopinduliwa, visoda viwili nyuma kuiinua. Asante sana fundi. Je, kuiacha kwenye chaja usiku kucha kunaongeza joto?

Fundi wa Kirumba, Mwanza
Hapo anayeumia zaidi ni betri. Ikikaa imejaa huku chumba kina joto, inachoka mapema. Kama mashine ina mpangilio wa kuacha kuchaji ikifika 80%, uwashe. Kama haina, chomoa ukimaliza kazi.